Kwa Nini Mfinyanzi Havui Aproni Barazani

Keti, Nanzia. Mkutano utakungoja, na usipokungoja tutaufuata hukohuko.

Nyie wengine endeleeni kufinyanga, masikio hayashiki udongo. Mmemwona mkwe wangu huyu akitoka hapa asubuhi na aproni yake kifuani, anakwenda kwenye mkutano wa msitu wa kuni. Sasa karudi mbio, anatafuta kanga safi sandukuni. Nikamuuliza kulikoni. Ati kijana aliyesimama mlangoni pa ofisi ya kijiji kamwambia, "Mama, vua kwanza huo uchafu ndiyo uingie." Naye kavua! Kaikunja kaibana kwapani kama kitu cha wizi. Simlaumu, yeye katoka kwao bondeni, hakuzaliwa humu. Lakini leo atajua, na kijana yule naye atajua, maana uji wa uzazi mama yake aliunywa kutoka kwenye chungu changu.

Basi nisikilizeni, nami nitasema mara moja tu.

Kulikuwa na wakati huku mlimani ambapo mfinyanzi hakuwa na komwe, hizi mbegu za kuchezea bao, kifuani. Mama zetu walijifunga kaniki, na juu ya kaniki walivaa ngozi ya mbuzi iliyolainishwa kwa mafuta, ili udongo usiharibu nguo. Ngozi hiyo ndiyo nyie leo mnayoishona kwa turubai mkaiita aproni. Ya wakati ule ilikuwa na mikanda minne, miwili ya shingoni na miwili ya kiunoni, yote ikifungwa mgongoni fundo juu ya fundo. Na balaa lilikuwa hapo. Mkanda wa ngozi ukilowa, fundo linavimba, linakaza, halisikii kucha wala meno. Mtu hakuweza kuivua peke yake. Ilibidi ageuke mwenzake amfungulie, na huyo mwenzake mikono imejaa tope, inateleza, basi wanavutana wee mpaka wanatukanana.

Enzi hizo mtawala wetu aliitwa mfumwa, na mambo yote ya nchi yaliamuliwa barazani kwake. Ngoma ililia mara tatu. Ya kwanza, acha kazi. Ya pili, njoo. Ya tatu, lango linafungwa, na aliye nje amebaki nje. Kulikuwa na sharti moja tu la kuingia, kwamba asikanyage mtu mwenye tope nguoni, ati atachafua mikeka. Sasa niambieni, wafua chuma waliingia na masizi mpaka puani, nani aliwauliza? Hakuna. Masizi ya wanaume yalikuwa kazi. Tope la mama zetu ndilo lililokuwa uchafu. Nikikumbuka hilo hata leo damu inanichemka.

Ikawa mwaka mmoja baraza likakaa kuamua habari za msitu wa kuni, ule wa hapa juu ambao mama zetu walikuwa wakiokota kuni za kuchomea vyungu. Ngoma ya kwanza ikalia, wakaanza kufunguana. Ya pili ikalia, bado wanafunguana. Walipofika mbio, lango lilikuwa limefungwa zamani. Msitu ukapewa ndugu wa mfumwa, aliyeitwa Kalage, kwa ajili ya ng'ombe wake. Toka hapo kuni tukazifuata ng'ambo ya mlima wa pili, na mgongo wangu huu ni shahidi.

Kalage hakutosheka. Shibe ya mwenye tamaa iko wapi? Baada ya miaka miwili akatangaza kwamba kwenye baraza lijalo ataomba na chimbo la udongo kule mtoni, apafanye mahali pa kunyweshea mifugo. Chimbo ndilo hilohilo mnalochimba nyie. Udongo wa kweli huku kwetu ni ule tu, mwingine wote ukiuchoma unapasuka. Ng'ombe wakilikanyaga msimu mmoja, ufinyanzi umekwisha.

Ndipo anapoingia Nakijwa. Alikuwa mjane mwenye watoto watatu, mfupi, mbishi kupindukia. Mama mkwe wake alikuwa akisema, ukimtuma Nakijwa maji, uliza kwanza kama amepatana na mto. Watoto wale walikula kwa vyungu alivyouza mama yao, hawakuwa na shamba wala mbuzi. Kwa hiyo aliposikia habari ya chimbo hakulia wala hakulalamika. Alisema, "Safari hii nitakuwa ndani ya lango lile, hata kama ni kwa kulibeba mgongoni."

Lakini ataingiaje, na ngozi ile ya mafundo? Hilo lilimkosesha raha.

Kwa tope lao wafinyanzi hawakuruhusiwa kukaa barazani, ila kufagia waliruhusiwa. Ajabu hiyo! Asubuhi moja Nakijwa akifagia aliokota komwe mbili chini ya bao la wazee. Akaona azihifadhi, awape baadaye. Akazitia kwenye pindo la kaniki, akazizungushia uzi wa mgomba, akaukaza, akaenda zake kazini. Mchana akataka kuzitoa. Akauvuta uzi, hautoki. Kadiri alivyouvuta, ndivyo ulivyobana, kwa sababu komwe ziliuzuia kupita. Kwa hasira akazisukuma kwa dole gumba kutoka chini. Komwe zikachomoka, na uzi ukaanguka wenyewe bila kufunguliwa fundo hata moja.

Nakijwa akatazama uzi ule chini. Kisha akacheka peke yake, mpaka wenzake wakadhani jua limempiga.

Siku hiyo aliikata mikanda yote minne. Alishona kitanzi kifupi kwenye kila pembe ya juu ya ngozi. Akaweka komwe kwa ndani ya kaniki, nguo ikatokeza kidogo, akapitisha kitanzi juu ya hilo lililotokeza, akaiachia ngozi ishuke. Ikashika. Akafurahi, akainama kuinua mtungi, kaniki yote ikashuka na ngozi, akabaki kifua wazi mbele ya mbuzi wa jirani. Wenzake walicheka siku tatu. Naye akaipunguza ngozi uzito, akahamisha vitanzi mpaka pale kaniki inapokunjwa mara mbili kifuani. Alijaribu na harage badala ya komwe, harage likalowa, likavimba, likapasuka. Alijaribu na kijiwe cha mtoni, kikafaa ila kilimuumiza. Komwe ndiyo iliyokuwa na utelezi wake na ugumu wake. Alipomaliza, ngozi ilivaliwa kwa pumzi moja na kuvuliwa kwa nusu yake, tena hata mikono ikiwa na tope. Unainyanyua kidogo, unabonyeza komwe huku na huku, imetoka.

Wafinyanzi walikuwa saba. Walimtania kwamba Nakijwa kaota matiti manne, lakini kila mmoja alikwenda kimyakimya kujitafutia komwe au kijiwe chake. Zile mbili za barazani hakuzirudisha. Alisema bado ana kazi nazo.

Ngoma ikalia siku ya kuchimba udongo, wote saba wakiwa ndani ya shimo mpaka magotini. Kalage aliichagua siku hiyo makusudi, si mjinga yule. Ngoma ya kwanza, ngozi saba zikatoka. Ya pili, walikwisha kunawa mtoni na walikuwa njiani, kila mmoja na ngozi yake mkononi. Walifika mlinzi ameshika komeo. Akawakagua nguo, akakagua na mikono, hakuona hata doa. Wakatundika ngozi zao kwenye ua nje ya lango, wakaingia, wakakaa kwenye mikeka kwa mara ya kwanza tangu nchi hii iwe nchi. Ngoma ya tatu ikalia.

Mnadhani hadithi imeishia hapo? Wapi!

Kalage aliwatazama, akatabasamu. Akasimama, akasema, "Mfumwa, tazama dada zetu walivyotakata. Nani atawadhania kuwa ni wafinyanzi? Hata wenyewe udongo wao wanauonea haya, wameuacha huko nje. Sasa mtu anayeuonea haya udongo, chimbo la udongo ni la nini kwake?"

Baraza zima likaangua kicheko. Wafinyanzi wakainamisha vichwa, na mmoja wao akaanza kulia. Nakijwa aliona uso unamwaka moto. Kumbe siku zote zile za kukata na kushona alikuwa akihangaika kuwaridhisha watu ambao hawakuwa na nia ya kuridhika. Ukija na tope, wewe mchafu. Ukija bila tope, wewe si mfinyanzi. Liliwauma wote, lakini yeye lilimuuma zaidi, kwa sababu ujanja wote ulikuwa wake.

Akasimama. Akamwambia mlinzi afungue lango, akatoka mpaka kwenye ua, akaichukua ngozi yake yenye tope bichi, akarudi nayo ndani. Mlinzi akanyoosha mkono kumzuia, akapita chini ya mkono huo, maana nimewaambia alikuwa mfupi. Akasimama katikati ya baraza, mbele ya mfumwa, akaivaa pale pale. Komwe ya kulia, komwe ya kushoto. Watu walikuwa hawajaona jambo kama hilo.

"Sikuivua kwa haya," akasema. "Niliivua kwa sababu mlisema ndiyo sheria. Sasa nimeivaa, na mwenye ubavu aje anivue."

Kalage akapiga kelele kwamba mikeka inachafuliwa, atolewe nje. Nakijwa akamgeukia. "Sawa. Kama udongo hautakiwi humu ndani, basi utoke wote." Akawaambia wenzake, "Kina mama, inukeni. Tutoe vitu vyetu."

Wale sita wakasimama. Wakaenda kwenye mtungi wa maji ya mfumwa, wawili wakaubeba, wakaanza kutoka nao. Wengine wakachukua vyungu vya mboga. Wazee walitazama tu, na mmoja akasema waache, hasira za wanawake hupoa. Lakini Nakijwa alipofika kwenye chungu kikubwa cha pombe ya miwa, kile kilichokuwa kikisubiri shauri liishe, akakikumbatia kwa mikono miwili, wazee wote waliruka.

"Hee! Hicho kiache, mama!"

"Ni udongo," akasema Nakijwa. "Tena miguu yangu ndiyo iliyoukanyaga. Mwageni pombe yenu mikekani, nichukue tope langu niende."

Mfumwa alikuwa mzee mwenye kiu, lakini hakuwa mpumbavu. Alikitazama chungu, akamtazama na nduguye. Kisha akacheka mpaka akashika mbavu, akasema, "Kalage ndugu yangu, keti. Wewe utanipikia kwenye kwato za ng'ombe?" Akaamua hapo hapo kwamba chimbo ni la wafinyanzi, wao na watoto wao. Akaamua pia kwamba mfinyanzi aingie barazani na vazi la kazi yake, asiulizwe na mtu. Mtungi ukarudishwa, na pombe ikanywewa, Nakijwa akinywa naye kwa kibuyu kilekile cha mfumwa.

Kalage, kwa uchungu wa kushindwa, akazitazama zile komwe, akazitambua. "Hizo ni za bao letu," akasema. "Zirudishe, mwizi wewe."

Nakijwa akamjibu, "Nitazirudisha siku mtakayoturudishia msitu wa kuni."

Akaenda zake nazo kifuani.

Na tangu siku hiyo mfinyanzi wa huku mlimani hafungi mkanda wala haombi mtu amfungulie. Anabana komwe mbili kifuani, na nyie wa siku hizi mkikosa komwe mnatia gololi za watoto, haidhuru. Tangu siku hiyo akiitwa barazani anakwenda hivyohivyo alivyo, msibani vivyo hivyo, na mikutanoni. Na ndiyo maana bao la wazee wa kijiji hiki hadi leo lina komwe sitini na mbili na vijiwe viwili. Wageni wakiuliza sababu, wazee wanakohoa, wanabadilisha maneno.

Sasa, Nanzia, mwanangu. Mkutano wa leo ni wa nini? Sema kwa sauti wenzako wasikie. Eeh. Wa msitu wa kuni. Ule ule. Toka kwa Kalage umepita mikono mingapi, na haujaturudia hata siku moja. Na leo wanapotaka kuugawa tena, wanakwambia uvue kwanza. Wewe ukavua.

Haya, simama. Ivae. Hapana, usiifute, iache na tope lake. Nyie nanyi funikeni udongo usikauke, tunakwenda wote. Mimi nipeni fimbo yangu, na mniletee kile kibuyu kidogo kilichoning'inia juu ya kitanda changu. Polepole, usikitikise. Ndani mna komwe mbili kuukuu, zimelainika kwa kushikwashikwa. Bibi yangu alizipata kwa mama yake, naye mama yake alipewa na Nakijwa mwenyewe.

Leo nitazivaa. Wakiturudishia msitu, nitazibonyeza palepale mbele yao, bao lao likamilike. Wasipoturudishia, nitarudi nazo.