Ua la Mawe

Ua la mawe halilelewi kwa samadi. Ndivyo shangazi yenu alivyomwambia kaka yenu leo, alipomkuta akimvisha mwanawe sweta la tatu, nanyi mkacheka bila kujua mnachekea nini. Methali hii ilianza hivi.

Aikande aliishi kwenye kihamba cha mwisho, shamba la nyumbani la ukoo, pale migomba inapokoma na msitu wa mlima kuanza. Mumewe Elinami alikuwa mpagazi wa wageni wapandao mlima. Safari yake ya mwisho alirudi na homa ya mapafu, na ndani ya kitambaa amefunga ua la kule juu karibu na theluji: fundo dogo la majani ya kijivu, gumu, limejikunja kama mto wa kulalia. Alimkabidhi mkewe, akasema, "Litunze." Siku ya tatu akafariki.

Aikande akalitunza kama watu wa kihamba watunzavyo. Alilipanda kivulini mwa migomba, akalirundikia samadi ya ng'ombe wake wa maziwa, na kila asubuhi akalimwagilia mtungi wa maji ya mfereji. Alilipenda kupita kiasi, maana hakubakiwa na kingine kilichoshikwa na mikono ya mumewe. Nalo likaanza kugeuka manjano.

Siku ya kuanua matanga alikuja Ndekirwa, mzee aliyebeba mizigo pamoja na marehemu. Alilibonyeza ua kwa kidole, kidole kikazama.

"Shemeji, linaoza moyoni."

"Lioze kwa nini? Nimelinyima nini mimi?"

"Hujalinyima kitu. Ndiyo maradhi yake hayo. Kwao ni mawe, jua na upepo. Maji hupita tu, hayalali. Litoe hapa, ulikate penye uozo, ulipande kwenye kokoto huko wazi."

"Nilitupe nje kama yatima? Elinami alisema nilitunze!"

"Alisema ulitunze, shemeji. Hakusema ulishibishe."

Aikande alikasirika, hata chai hakumpa. Lakini asubuhi, alipoinama na mtungi wake, harufu ya uozo ilimpanda puani. Alilia sana, kisha akachukua kisu. Kilichosalia kilikuwa kama ngumi ya mtoto. Alikipanda juu ya ukuta wa mawe, katikati ya kokoto, mahali pasipo kivuli. Mvua za masika zilipoanza, alikiinamishia bati maji yasituame. Mara ngapi alitoka na mtungi, akasimama, akarudi nao umejaa! Hakuna kazi iliyomchosha kama ile ya kutofanya kitu.

Mwaka ulipozunguka, ua lilikaza, likachanua vijiua vyeupe, vikavu kama karatasi. Aikande akamwita Ndekirwa, safari hii akamwekea chai.

"Ulililisha nini?" mzee akauliza.

"Mawe," akajibu, machozi yakimtiririka. "Ile samadi, shemeji, nilikuwa namlisha marehemu, si ua. Ua la mawe halilelewi kwa samadi."