Kibali cha Pumu na Bakuli la Uji

Habari hii nilisimuliwa kwanza na Bi. Zamaradi, yule anayetusuka nywele mtaani kwetu. Naileta kwenu, mama zangu na dada zangu, kwa sababu Ramadhani imetufikia tena na midomo yetu ni ile ile.

Palikuwa na mama mmoja mwenye mtoto mchanga, na riziki yake ilikuwa kufua. Alifua jezi za timu ya baiskeli, wale vijana wanaolipwa kushindana. Jezi zile zina mifuko mgongoni, na kabla ya kuziloweka aliipekua, maana vijana husahau humo maganda ya ndizi.

Siku moja, katika jezi ya yule aliyekuwa akiwaacha wenzake kila mlima, hakutoa ganda. Alitoa kidude cha plastiki cha buluu chenye kichupa ndani. Akakinusa. Akakigeuza. Moyo ukamwambia: kumbe! Jumatatu kijana alikohoa mpaka akashika ukuta, Jumatano kashinda. Huyo ni mtu wa kawaida?

Kijana alipokuja kukifuata, akamwuliza, "Mdogo wangu, unatumia dawa?"

"Ndiyo, dada, tangu utotoni. Nina pumu." Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Kibali cha daktari hiki. Hata wanaotupima mkojo wanakijua."

Mama akaitazama karatasi. Mhuri umefifia. Saini kama nyayo za kuku. Akasema, "Haya," lakini haikuwa haya ya kuamini.

Jioni ile, kwenye foleni ya bombani, akawaambia wenzake, "Jamani, bingwa wenu anatumia dawa. Nimemwuliza mwenyewe, kasema ndiyo."

"Weee! Si nasikia wanapewa vibali?"

Mama akajibu, "Siku hizi kila mtu ana ruhusa yake mfukoni. Mbona wenzake wanapanda mlima ule ule na hawavuti kitu?"

Mnaona alichofanya? Hakusema uongo. Alilibeba neno la kwanza la kijana, mengine akayaacha kwenye beseni. Na neno "dawa" kwetu mnalijua: ya kikohozi ni dawa, ya mganga ni dawa, ya kuiba ushindi nayo ni dawa. Msikilizaji anajichagulia. Nani amewahi kuchagua ya kikohozi?

Maneno yakafika barabarani. Siku ya mashindano ya kuchagua timu ya taifa, watu walipanga mstari wakiimba, "Mla dawa! Mla dawa!" Kijana akaona aibu. Akakiacha kidude chake kwa kocha, ili kila mtu aone mifuko yake mitupu. Katikati ya mlima pumzi ikakata. Akashuka, akakaa mtaroni, midomo imebadilika rangi, mpaka gari la timu likamfikia. Alipona, alhamdulillahi. Lakini timu ya taifa ikajazwa bila yeye.

Na mama yule, alipopata habari, alijuta? Alisema, "Si mmeona? Siku aliyoacha dawa ndiyo siku aliyoshindwa."

Basi Ramadhani ikaingia. Siku mbili za kwanza mama alifunga, maziwa yakakauka, mtoto akalia mpaka sauti ikampotea. Dini ikampa ruhusa ale, siku zake atalipa baadaye. Lakini alikula kwa kujificha nyuma ya pazia, bakuli la uji chini ya khanga. Adhuhuri moja jirani akaja kuazima pasi, akaingia bila kungoja hodi yake iitikiwe.

"Makubwa! Mchana wa Ramadhani, shoga?"

"Nina ruhusa! Nanyonyesha, maziwa yamekauka..."

Jirani akacheka kwa pua. "Siku hizi kila mtu ana ruhusa yake mfukoni. Mbona wenzako wananyonyesha na wanafunga?"

Mama akaliweka bakuli chini. Maneno yale aliyajua. Yalitoka kinywani mwake mwenyewe, bombani, yakazunguka mtaa mzima, sasa yamerudi nyumbani kwake mchana kweupe.

Je, sisi? Wapo wanaodanganya kwa vibali, sikatai, na wa kuwachunguza wapo na vipimo vyao. Sisi tuna kipimo gani, zaidi ya macho ya kupekua mifuko? Ruhusa zetu tunataka ziaminiwe kwa neno tu, za wenzetu tunazikagua mhuri. Yule asiyefunga, tunajua ana nini tumboni au kwenye damu? Yule anayeswali ameketi, tumeyaona magoti yake? Na kati yetu tuliokaa hapa, nani hana bakuli lake chini ya khanga?

Dada zangu, tukilisikia jibu la mtu, tulibebe lote. Na kama ni zito kulibeba lote, basi tuliache lote.

Yule mama hakulala vizuri. Asubuhi yake alimfunga mtoto mgongoni, akaenda bombani foleni ikiwa ndefu, akatua ndoo. "Mimi sifungi," akasema. "Mtoto alikosa maziwa. Na yule kijana nilipomwuliza alisema, ndiyo, tangu utotoni, nina pumu. Akanionyesha na kibali. Hayo ya mwisho sikuwaambia." Kisha hakuondoka. Alisimama pale na ndoo yake tupu, na kila aliyechelewa kufika akamwambia jibu lote upya, kuanzia mwanzo.