Nguchiro na Nusu ya Ujumbe

"Ngoma ikilia?"

"Tunasikia!"

"Nusu au yote?"

"Yote!"

"Mmm. Nyinyi? Haya, tegeni masikio, na kila mtu amwangalie wa pembeni yake, maana katika hadithi hii mwizi hayuko mbali."

Hapo kale wanyama walipelekeana habari kwa ngoma. Kila kilima kilikuwa na ngoma yake na mpigaji wake. Simba, mfalme, akisema neno, ngoma ya kwanza inalia: ndu-ndu, ndu! Mpigaji wa kilima cha pili anasikiliza. Anasikiliza mpaka neno la mwisho. Kisha anakohoa, anajikuna, anashika mikwiro yake, ndipo naye anapiga: ndu-ndu, ndu! Wa tatu naye anasikiliza, anakohoa, anajikuna. Habari ikifika kilima cha mwisho imeshachacha. Watu wanaambiwa, "Kimbieni, moto unakuja!" na mikia imeshaungua.

Mpigaji wa Kilima cha Kichuguu alikuwa Nguchiro, mdogo, mwembamba, macho hayatulii. Nguchiro akawaza: "Kwa nini ningoje mpaka mwisho? Neno likiingia sikioni, si litoke mkononi palepale?" Akajaribu. Neno moja anasikia, neno moja anapiga. Lo! Habari ikapita kilimani kwake kama maji kwenye mfereji. Hakumwambia mtu. Jirani yake wa ng'ambo ya bonde alikuwa Fisi, na Nguchiro hakumwamini Fisi hata akiwa amelala.

Sasa sikilizeni jambo ambalo Nguchiro mwenyewe hapendi lisemwe. Kiangazi kile cha njaa, Simba aliua nyati mnono kando ya mto. Ngoma ya kwanza ikalia: "Nyama ya mfalme iko mtoni, njooni mle..." Nguchiro akaipokea kwa mtindo wake mpya, neno kwa neno, ndu-ndu, ndu! Alipofika "njooni mle," mate yakamjaa mdomoni. Akatupa mikwiro, huyoo, mbio mtoni! Hakusikia maneno yaliyofuata, na wala hakuyapiga: "...nikishashiba mimi."

Vilima vyote vya mbele vikapata nusu. Wanyama wakaja, wakala, wakalamba, wakajifuta midomo. Simba, aliyejipumzisha kidogo kabla ya kula, alipoamka usingizini akakuta pembe na kwato. Akanguruma mpaka majani yakapukutika.

"Nani amekata ujumbe wangu? Nikimpata, nami nitamkata!"

"Tulipiga tulichosikia!" wakaapa wapigaji wote. Na kwa kuwa wote walikuwa wamekula, hakuna aliyetaka kuulizwa zaidi. Nguchiro naye aliapa, tena kwa sauti kubwa kuliko wenzake.

Toka siku hiyo akatengeneza dawa ya kosa lake. Ujumbe ukiisha, mpigaji agonge ukingo wa ngoma mara moja: pa! Kama hujasikia pa, ujumbe haujaisha, usinyanyue mguu. Akafanya mazoezi kwa siri nyuma ya kichuguu, akipiga kwa ncha za vidole. Ndu-ndu, ndu. Pa. Ndu-ndu, ndu. Pa. Kila akimaliza husimama kwa miguu miwili, atazame huku, atazame kule.

Asubuhi moja akakuta kinyesi nyuma ya kichuguu. Cheupe, kama chokaa. Nani hula mifupa mpaka kinyesi chake kikawa cheupe? Akanusa. Akazunguka. Nyasi zilikuwa zimelala, kama mtu aliyelalia tumbo hapo, tena si mara moja. Nguchiro akaelewa. Alikuwa anaibiwa.

Wanyama hao walikuwa na desturi. Aliyebuni jambo huenda kwenye mwamba wa mfalme, akalitaja mbele ya wote, akaukwaruza mwamba kwa ukucha wake. Basi jambo ni lake, na kila anayelitumia humpa tonge la kwanza la kila mlo. Nguchiro akatimua mbio. Alipofika, nani yuko pale na mguu umeshainuliwa? Fisi.

"Mimi Fisi," anasema, "nimebuni kupiga ngoma huku mtu anasikia, bila kungoja mwisho. Na njia nyingine zote za kuharakisha habari, zilizopo na zitakazokuja, nazo ni zangu."

"Zote?" akauliza Simba.

"Zote, mfalme. Hata zile ambazo sijazifikiria."

"Mwizi!" akalia Nguchiro. "Hiyo ni yangu! Alikuwa ananichungulia!"

"Mimi? Nikuchungulie wewe, mdogo wangu?" Fisi akacheka, he-he-he-hiii! "Hata kama umebuni kitu, chako kimo ndani ya changu. Utakuwa unaniletea tonge la kwanza, jirani mwema."

Simba akapiga mkia chini. "Jambo moja halibebi kucha mbili. Nani alitangulia?"

Nguchiro akawaza. Aseme alianza kiangazi kile? Angekuwa amejifunga kamba shingoni mwenyewe. Anyamaze? Atamlisha Fisi mpaka kufa, kwa kazi ya mikono yake. Iliuma, jamani. Akamtazama Fisi. Fisi alikuwa anajilamba, kana kwamba tonge limeshafika. Hapo Nguchiro akaacha kulia.

"Mfalme," akasema kwa upole, "mimi nilipiga hivyo juzi."

"Juzi!" akacheka Fisi. "Mimi kabla ya juzi!"

"Labda kaka Fisi alianza baada ya mvua."

"Kabla ya mvua!"

"Labda baada ya ule moto wa nyikani."

"Kabla ya moto!"

"Haiwezekani," akasema Nguchiro, akitikisa kichwa. "Kabla ya moto kulikuwa na kile kiangazi cha njaa. Na kiangazi kile hakukuwa na mnyama hata mmoja aliyejua kupiga ngoma kabla hajasikia mwisho."

"Nilikuwepo mimi!"

"Labda mlikuwa wawili, watatu..."

"Mimi peke yangu!" Fisi akajipiga kifua. "Vilima vyote hivi, mimi peke yangu! Mashahidi ni masikio yenu!"

Twiga akaacha kutafuna. Simba akainuka polepole, mguu mmoja, mguu wa pili.

"Peke yako," akasema Simba. "Kiangazi kile. Bila kungoja mwisho."

Fisi akacheka he-he, akaacha, maana hakuna aliyecheka naye. "Mfalme, nilitaka kusema labda baada ya..."

Hakumaliza. Puu! Kofi la mfalme likamshukia kiunoni, na ndiyo maana mpaka leo mgongo wa Fisi umeteremka nyuma. Akakimbia anachechemea, anacheka huku analia, na ukwaruzo wake ukasuguliwa kwa mchanga mpaka ukafutika.

Nguchiro akaweka ukucha wake mwambani, kra! Akawaonyesha wote ile pa yake, na Simba mwenyewe akaisifu. "Kama siku ile tungekuwa na pa," akasema, "nyati wangu ningemla mwenyewe."

"Kweli kabisa, mfalme. Nililifikiria sana jambo hilo."

Simba akamwangalia. Akamwangalia muda mrefu. "Nguchiro. Siku ile, wewe ulifika wa ngapi mtoni?"

"Ah, mfalme! Tulikuwa wengi, na vumbi lilikuwa jingi."

Simba hakuondoa macho. Nguchiro akarudi kwake kinyumenyume. Matonge ya kwanza yakawa yanamfikia kila siku, mazuri, manono, lakini hajawahi kula hata moja akiwa ameketi. Mtazameni hata leo: anauma mara moja, anasimama kwa miguu miwili, anatazama huku, anatazama kule.

Mnadhani nitasema mtaka yote hukosa yote? Sisemi. Funzo la hadithi hii ni kwamba mkweli hashindwi.

Nini, Sikudhani, mwanangu? Nguchiro alidanganya? Wapi? Alisema alipiga juzi, na juzi alipiga, tena vizuri sana. Aliyesema uongo ni Fisi, na uongo ndio uliomvunja kiuno. Kwa hiyo semeni kweli, wanangu, na msiwashuku majirani. Jirani akilala kwenye nyasi zenu, mfunikeni shuka.

"Ngoma imelia?"

"Imelia!"

"Mmesikia nusu au yote?"

"Yote!"

Hamjasikia yote. Bado: pa!