Jembe la Ukoo na Ngwe ya Sikitu

Mtu mmoja, Mzee Pazi, alikuwa na shamba bondeni, wana wawili wa kiume, na binti mmoja aliyeitwa Sikitu. Katika ukoo wao, mtoto aliyetaka kukatiwa sehemu ya shamba alipewa ngwe moja ailime kwa jembe la ukoo, na aimalize kabla jua halijafika utosini. Aliyemaliza alikatiwa. Aliyeshindwa alibaki kuwalimia wenzake, na siku baba akifa angeondoka mikono mitupu.

Jembe hilo lilitiwa mpini na babu yao, mtu mrefu mwenye viganja vipana. Kila mpini ulipovunjika, mpya ulichongwa kwa kipimo cha ule wa zamani.

Kaka zake Sikitu walilima, wakamaliza. Sikitu alipojaribu, vidole vyake havikuweza kuuzunguka ule mpini. Ulimteleza, ukamtia malengelenge, na jua la utosini likamkuta katikati ya ngwe. Mwaka uliofuata ikawa vilevile.

"Dada, leo jembe limekulima wewe," kaka yake mkubwa alimtania, na watu wakacheka.

Baba yake hakucheka. Alimpenda, akamhurumia, akasema wanawake ndivyo walivyoumbwa. Kisha wote wakaketi, wakala ugali wa mahindi ambayo Sikitu na mama yake walikuwa wameyalima.

Mwaka wa tatu Sikitu alikuja na jembe lake mwenyewe, lile la kila siku, lenye mpini wa mpera aliouchonga kwa kipimo cha mkono wake. Alimaliza ngwe kivuli chake kikiwa bado kirefu. Wazee wa ukoo waliikagua ardhi, wakapita mwanzo hadi mwisho, hawakuona kasoro. Lakini waliikataa, kwa sababu ililimwa kwa jembe la kike.

"Na lile lenu ni la nani?" Sikitu akauliza.

"Lile ni jembe tu, mwanangu," wakamjibu.

Mzee Pazi aliinuka. Kisha akalichukua jembe la binti yake, akampa mwanawe mkubwa, akamwambia alime. Kijana aliinama, akalima hatua chache, akasimama ameshika kiuno. Alisema mpini ule ulikuwa mfupi, haukumfaa. Hakuna aliyesema kwamba wanaume wana migongo dhaifu.

Siku ileile Mzee Pazi alimkatia Sikitu sehemu yake, upande wa mtoni. Wazee waliondoka wamenuna, na jembe la babu likarudishwa darini, na mpini wake uleule, kungoja mabinti wengine.

Ninyi mnaotupima na kutuona tumepungua, mpini mnaotupimia ulichongwa kwa mkono wa nani?