Uzi Mwekundu wa Nakijwa

Uzi uliosokotwa haupotei kambani.

Vijana wa timu ya mdahalo ya Mkongeni waliisikia kauli hiyo kinywani mwa Bi. Kangalu, karani mstaafu wa kiwanda cha katani, wakamwuliza imetoka wapi. Akawatazama kama mtu aliyeulizwa mvua huanguka upande gani.

"Mnashiba maharage ya ekari arobaini, na hamjui? Haya, wekeni simu mfukoni. Methali hii ilianza hivi."

Kiwanda cha Mkongeni kilipofungwa, wafanyakazi walibaki na vitu viwili: ekari arobaini za ardhi, ambazo walizilima maharage na mihogo, na banda refu la kusokotea kamba. Na siasa walikuwa nayo, tena ya kumwaga. Chama chao kiliitwa Jasho, chama cha kijamaa, chekundu kuliko pilipili, chenye wanachama ishirini. Ishirini si wengi, lakini walitosha kugawanyika. Siku moja walikaa kuamua kama ngumi iliyochorwa kwenye bendera iwe ya mkono wa kulia au wa kushoto. Walipoinuka, vyama vilikuwa viwili. Nakijwa, katibu, alibaki na wenzake kumi wa Jasho. Mbonea, ambaye walikula naye sufuria moja tangu utoto, aliondoka na wanane, akaunda Jasho Halisi.

Wakanyimana salamu. Kazi hawakuweza kunyimana, maana banda lilikuwa moja.

Sasa huyu Nakijwa, wanangu, alikuwa msokotaji. Wengine walisokota, yeye alikuwa msokotaji. Kamba yake iliwahi kulivuta lori la mawe kutoka mtaroni, na dereva alipoondoka alionekana akiitazama kamba kwa wivu zaidi kuliko alivyolitazama lori lake. Nakijwa hakuwa na ng'ombe wala duka. Alikuwa na robo ekari ndani ya zile arobaini, nyumba ya mama yake ukingoni mwa hiyo robo, na mikono ile.

Uchaguzi wa udiwani ulipofika, vyama vyote viwili vilisimamisha wagombea, na wenye maduka nao wakasimamisha wao. Bwana Kiluvia, ambaye hakuwa wa yeyote kati yao, akashinda kwa kupata kura mia tano na sitini. Waliomkataa walikuwa mia saba na zaidi, ila walimkataa katika makundi matatu. Alipokwisha kuapishwa, Kiluvia alianza kuwatembeza wageni wenye viatu vya kung'aa kwenye ekari arobaini. Walitaka kujenga maghala. Kigingi kimoja cha kupimia walikichomeka hatua saba kutoka mlango wa mama yake Nakijwa, na mama, kwa ustaarabu wake, akakianikia kanga.

"Akirudi Kiluvia kipindi cha pili," mama alisema, "mimi nihamie wapi, mwanangu? Ndani ya bendera yenu?"

Miaka ikasogea, uchaguzi mwingine ukakaribia. Ndipo ulipoundwa Mseto: walimu, wenye maduka, watu wa kwaya, watu wa msikitini, na Alhaji Mbaruku mwenye mashine ya kusaga. Mgombea wao alikuwa mwalimu Elinami, mtu mpole ambaye hata chaki aliiomba radhi kabla ya kuivunja. Mseto ukawaandikia Jasho na Jasho Halisi barua: njooni tumwangushe Kiluvia pamoja.

Barua ile iliingia bandani kama nyoka. Vijana wa pande zote mbili walitaka kujiunga. Nakijwa alikataa, na Mbonea alikataa. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita walikubaliana, na jambo hilo liliwaudhi wote wawili.

Mkutano wa pamoja ukaitishwa. Hapa ni lazima mjue desturi ya banda lile. Wasokota kamba hawakuhutubia wakiwa wamekaa. Mwenye hoja alijifunga fungu la katani kiunoni, uzi wake ukatundikwa kwenye kulabu inayozungushwa na mwenzake, naye akasema huku akisokota na kurudi kinyumenyume. Banda lilikuwa na hatua sitini. Mgongo ukigusa ukuta, hoja imekwisha, hata kama sentensi haijafika nusu. Kwa desturi hiyo walijiepusha na maovu mengi.

"Ndugu zangu," Nakijwa alisema siku hiyo, "leo sitabishana. Nitawaonyesha. Uzi wangu nimeuchovya rangi nyekundu. Huu ndio Jasho. Ndugu Mbonea naye asokote wake."

"Wangu ni mwekundu zaidi," Mbonea alisema.

"Tumeona, Ndugu, umechovya mpaka viwiko. Na ule wa tatu, mweupe, waliokwisha kuusokota vijana, ni Mseto. Tutaufunga pamoja kuwa kamba moja. Mkifika mwisho mtanionyesha wekundu wetu uko wapi. Mtu akijitia ndani ya watu wa kila rangi, humezwa. Hilo tu."

Mbonea alianza. Alisokota kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukihutubia. Alimlaani Alhaji na mashine yake, akayalaani maduka na sukari ya dukani, na mgongo ulipogusa ukuta uzi wake ulikuwa mrefu na mlegevu kama suruali ya kuazima.

Nakijwa akafuata. Mikono yote miwili aliitia kazini. Katani ilimtoka kiunoni nyembamba, sawasawa, ikajikaza hadi ikalia. Vidole vyake vilikuwa vikifanya kile vilichozoea kufanya kwa miaka ishirini na mitatu, na kichwa chake kilikuwa kikifikiria maneno ya ushindi.

Nyuzi tatu zikafungwa pamoja, zikazungushwa upande wa pili, kamba ikazaliwa. Watu wakaisogelea.

Wekundu wa Nakijwa ulionekana. Ulionekana mwanzoni, ukaonekana katikati, ukapanda na kushuka hatua zote sitini, zamu kwa zamu, kama mtu anayepita sokoni akisalimia kila meza. Uzi mweupe ulikuwa umeubana nao mwekundu ulikuwa umeubana mweupe. Uzi wa Mbonea ulikuwa umetoka matumbo. Kijana mmoja aliuvuta kwa kidole, ukafumuka.

Banda likacheka mpaka vumbi la katani likashuka darini.

"Nakijwa!" Mbonea alinong'ona kwa hasira. "Si ungelegeza?"

"Nini?"

"Ungelegeza uzi! Ulikuwa wa maonyesho tu. Ungelegeza kidogo, ungezama, tungeshinda hoja tukaenda nyumbani!"

Nakijwa alimgeukia polepole. Alikuwa ametukanwa mara nyingi kwenye siasa, na mengi aliyasamehe.

"Nilegeze?" alisema. "Mimi? Mbele ya watu? Mbonea, hoja naweza kushindwa. Lakini uzi mbovu utoke kwenye mkono huu, watu waushike, waseme ni wa Nakijwa? Hata kwa kudanganyia panya siwezi!"

"Basi umejishinda mwenyewe."

Akaitazama kamba. Akaivuta kwa nguvu zote, haikutoa hata unywele mmoja.

"Naona," alisema. "Miaka sita naogopa kumezwa. Kumbe anayepaswa kuogopa ni aliyelegea. Sisi tumelegea, Ndugu?"

"Aa! Sisi tena?"

"Basi tunaogopa nini?"

Mbonea akafungua mdomo, akakumbuka kwamba alikuwa amekwisha kutumia hatua zake sitini.

Kura zikapigwa: kumi na nne wajiunge, sita wasijiunge. Mbonea alikuwa miongoni mwa wale sita, na aliomba iandikwe hivyo. Kisha akabeba bendera, maana alisema kupinga amepinga, lakini kuhama hajahama. Walikwenda kwa Mseto na masharti matatu: jina letu libaki, mdomo wetu ubaki, na ahadi ya kwanza katika karatasi ya ahadi iwe kwamba ekari arobaini haziguswi. Alhaji Mbaruku alisoma, akasema, "Hawa watu ishirini wanaongea kama mia mbili." Akatia sahihi.

Elinami alishinda kwa tofauti ya kura sitini na moja. Watu wangefikiri hadithi imeishia hapo.

Haikuishia. Miezi minne haijatimia, wageni wa viatu vya kung'aa walirudi, safari hii kwa upole. Wakaomba nusu tu ya ardhi, ekari ishirini. Bila ridhaa ya diwani wasingepata kitu, na Elinami, mpole wetu, akaanza kusema labda. Mseto ukakaa kikao. Wenye maduka wakasema nusu si haba. Watu wa kwaya wakainamisha vichwa.

Nakijwa alisimama. Kwa mazoea akaanza kurudi kinyumenyume huku akisema, na wajumbe wakampisha kwa viti vyao wakidhani anaondoka kwa hasira.

"Siondoki," alisema. "Hilo msilidhani kabisa. Mwalimu, soma ukurasa wa kwanza wa karatasi ya ahadi. Soma kwa sauti, kama unavyowasomea watoto."

Elinami akasoma. Sauti ilitetemeka mstari wa kwanza, ikakaza wa pili.

"Hiyo nusu wanayoiomba," Nakijwa akaendelea, "ina nyumba thelathini na tatu, kila moja ina wapiga kura wawili au zaidi. Ulishinda kwa kura sitini na moja. Piga hesabu, wewe ndiye mwalimu."

"Na Jasho Halisi tupo!" Mbonea alipaza sauti kutoka dirishani, kwa kuwa alikuwa amekataa kuingia ndani kwa sababu za kimsimamo.

Alhaji Mbaruku alikohoa, akainua mkono. Watu walidhani anaomba maji.

"Niliwaambia mapema kuwa hawa ni wasumbufu," alisema. "Na ndiyo maana niliwataka. Mie nasaga unga. Kama hakuna anayelima, ntasaga nini? Ekari arobaini ni arobaini. Andika, Mwalimu."

Elinami akaandika, tena bila kuiomba kalamu radhi.

Wageni wakaondoka. Kesho yake mama yake Nakijwa aling'oa kigingi, akakipasua, akakipikia maharage. Na wasokota kamba wa Mkongeni, kila walipoulizwa na vyama vya miji mingine kama hawakuona haya kuketi meza moja na mwenye mashine, walijibu vifua mbele, kwa neno lile lile ambalo hadi leo wajukuu zao wanalisema bila kujua lilivyogharimu: uzi uliosokotwa haupotei kambani.