Wan Derahim na Mti wa Dhahabu

Wametusimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Ajuaye zaidi, kwamba katika nchi ya Hulu Senting, mpakani mwa nchi ya Wamalei na ufalme wa kaskazini, alifariki mtawala mchamungu akaacha watoto wawili: Wan Derahim, na dada yake mdogo, Wan Seroja. Wazee wakashauriana, wakampa ufalme Seroja kwa uadilifu wake na upole wa ulimi wake.

Derahim alimpa mkono wa baia, kiapo cha utii, kama wengine, lakini hasadi ikamwingia. Ngoma za ufalme zilipopigwa asubuhi kwa heshima ya dada yake, chakula kilimgeukia shubiri kinywani. Watu walipomsifu Seroja kwa kusamehe, yeye alisema, "Anajionyesha tu." Alipowaona wajane wakimbusu mkono, alihisi kana kwamba wake umekatwa.

Ilikuwa desturi ya nchi ile kumpelekea mfalme wa kaskazini mti mdogo uliofuliwa kwa dhahabu, majani na maua yake, uwe alama ya utii na amani. Wakati ulipowadia, Seroja akamkabidhi kaka yake aupeleke. Waziri akamnong'oneza, "Bibi, huyu ana kinyongo nawe."

Akajibu, "Ni mtoto wa baba yangu. Nimwamini nani?"

Derahim akaufukia mti msituni, akafika kaskazini mikono mitupu, akasema, "Dada yangu amekataa kutii." Alitumaini kwamba dada ataondolewa, atatawazwa yeye.

Likatumwa jeshi la tembo. Jemadari akapiga kambi ukingoni mwa mto, akamwita Seroja, na Derahim amesimama kando.

"Kama hukuutuma mti," akasema jemadari, "mji wako utachomwa. Kama uliutuma, huyu ametudanganya, na kichwa chake ni halali yetu. Sema."

Seroja akamtazama kaka yake, naye akainamisha macho.

"Niliutuma," akasema. "Siwezi kusema uongo nikakutana na Mola wangu na damu ya raia shingoni. Lakini nilionywa kwamba kaka yangu ana kinyongo, nikamtwika amana hiyo nikijua. Basi ukimhukumu, na kosa langu lihesabiwe pamoja na lake."

Derahim alikuwa akingojea laana. Laana angeiweza, maneno yale hakuyaweza. Akapiga magoti akilia.

"Mti nimeufukia mimi. Wallahi, hakunidhulumu chochote, ila alipendwa kuliko mimi."

Mti ukafukuliwa, jeshi likarudi lilikotoka. Jemadari akamwachia Seroja hukumu ya kaka yake, naye akamsamehe.

Inasemekana Derahim aliishia kuwa mwadhini wa mji. Hasadi haikumtoka kwa siku moja. Kila aliposikia dada yake akisifiwa, kifua kilimwaka. Alisimama, akachukua udhu, akamwombea heri kwa jina lake, ingawa ulimi ulikuwa mzito kama jiwe. Imamu akamuuliza, "Utafanya hivi mpaka lini, Wan Derahim?"

Akasema, "Mpaka nitamani kwa kweli dua hii ijibiwe."

Ndugu zangu, hasidi hagombani na mwenye neema. Anagombana na Aliyeigawa. Tumwombe Mola atupe ujasiri wa kumwombea yule ambaye heri yake inatuuma.