Mpunga wa Matanga

Jungu la matanga halipiki uji wa mzazi. Mmeisikia leo kwenye kikao cha zahanati, mhazini alipong'ang'ania kwamba akiba isiguswe, mkaona wazee wote wameinamisha vichwa. Sasa mnaniuliza imetoka wapi. Haya, kaeni, na wewe Tatu weka hiyo simu. Methali hii ilianza hivi, tena ilianzia nyumbani kwetu, kwa marehemu baba yangu.

Kabla sijazaliwa ulipita ugonjwa uliozoa watu hapa Rufiji. Babu yangu alizikwa kwenye mkeka mkuukuu, na waliomchimbia kaburi wakaondoka na njaa. Aibu ile haikumtoka baba. Alipokuwa mtu mzima akaanzisha chama cha kuzikana: kila mavuno, kila nyumba itoe pishi mbili za mpunga. Ghala likajaa, na jungu kubwa la shaba likanunuliwa. Baba ndiye aliyeshika ufunguo, na hakuwahi kula hata punje. Hilo nalisema wazi, asije mtu akadhani alikuwa mwizi.

Ukaja mwaka wa mafuriko. Mto ulilala mashambani miezi miwili, mpunga ukaozea majini, tukala mizizi. Ndipo Mwanahawa, mke wa jirani yetu Mbwera, akajifungua. Mnajua mzazi hupewa uji wa mchele wenye pilipili manga, apate nguvu na maziwa yashuke. Mwanahawa alikuwa anakunywa maji ya moto tu.

Siku ya tatu Mbwera akaja kwetu. Nilikuwa barazani nasuka ukili.

"Mzee Ngwele, naomba pishi moja ya mpunga wa chama. Mke wangu hata kukaa hawezi."

"Mwanangu, ule ni mpunga wa matanga. Nikikupa wewe, kesho watakuja kumi. Mtu akifa, waliokuja kuzika tutawapikia nini?"

"Lakini mke wangu yu hai, Mzee!"

"Ndiyo sababu siwezi kumpa."

Nilimsikia kwa masikio yangu haya. Mbwera akaenda kwa wajumbe wengine, nao wakamjibu kwamba kanuni ni kanuni.

Siku ya tisa Mwanahawa akafa. Asubuhi hiyohiyo ghala likafunguliwa, wanawake wakatwanga, ukapikwa wali wa kijiji kizima. Astaghfirullah, tulikula! Mimi nilirudia mara mbili. Tulishiba kwenye matanga ya mtu aliyekufa kwa njaa.

Bi Kindamba, mama wa marehemu, alipoletewa sinia hakuligusa. Alimkabidhi mtu kile kichanga alichokipakata, akalichukua sinia mpaka jikoni, akaumwaga wali wote junguni.

Baba akamfuata. "Kula, mama, utaanguka."

"Ngwele, mwanangu kaombewa pishi moja, mkamnyima. Leo mnampikia magunia mawili. Sasa nimejua. Jungu la matanga halipiki uji wa mzazi."

Waliokuwa wakipakua wakaacha. Baba aliketi palepale kwenye majivu, akalia mbele za watu. Jioni akagawa nusu ya ghala kwa wagonjwa, wazazi na wenye watoto wachanga, akaanzia kwa yatima wa Mwanahawa.

Usiniulize kama akiba ni mbaya, Tatu, nakuona unavyofungua mdomo. Nani kasema ni mbaya? Mwaka uliofuata tulizika watu saba, na ile nusu iliyobaki ikatusitiri. Baba hakukosea kuweka. Alikosea kumwogopa maiti ambaye hajafa, akamsahau mgonjwa aliyekuwa jirani yake.

Bi Kindamba aliyasema maneno yale mara moja tu. Aliyeyaeneza ni baba mwenyewe. Kila wajumbe wapya walipokabidhiwa ufunguo, alisimama kwa fimbo yake mbele ya watoto wake na wajukuu zake, akasema bila kujificha: "Nilimnyima Mwanahawa binti Shomari pishi moja ya mpunga, na ghala lilikuwa limejaa. Jungu la matanga halipiki uji wa mzazi."